Unaenda fildi kuhoji watoto wa shule ya msingi? Soma hii kabla hujaprinti dodoso

Huu mwongozo ni kwa wale mlioko masters ya elimu, mnaofanya kazi kwenye mashirika, au walimu mnaosoma huku mnafundisha, ambao supavaiza ameshapitisha chapta tatu za mwanzo na sasa unatakiwa uende ukakae na watoto wa darasa la pili au la nne uwaulize maswali. Vitabu vingi vya mbinu za utafiti vimeandikwa kama vile anayehojiwa siku zote ni mtu mzima, mtoto anawekewa aya mbili mwishoni kwenye kipengele cha maadili, ridhaa ya wazazi ilipatikana, imeisha hiyo. Mi naona kwa mtoto maadili na mbinu ni kazi moja. Mtoto asiyeweza kukwambia "sitaki", hata "ndiyo" yake haikusaidii kitu kwenye data maana anajibu anachodhani we mkubwa unataka kusikia. Kwahiyo kila hatua hapa chini, hata zile zinazoonekana za utu tu, zinakusaidia pia kwenye ubora wa majibu.

Mifano yangu mingi ni ya Tanzania bara. Zanzibar wana utaratibu wao wa vibali, Kenya nitawagusa kidogo.

1. Kwanza uliza kama unamhitaji mtoto kweli

Watu wengi wanaandika dodoso la wanafunzi kwasababu tu proposo ya rafiki yake ilikuwa nalo. Kama unachotafuta ni mahudhurio, rejesta ipo. Kama ni ufaulu, matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani) ya kila shule yako mtandaoni. Kama ni idadi ya matundu ya choo, nenda kahesabu mwenyewe, usimuulize mtoto wa miaka nane vyoo viko vingapi. Mtoto ana dakika zake za kipindi na wewe unazichukua, basi ziwe na sababu.

Ila ukikuta swali lako linahusu anavyojisikia, anavyoelewa, kwanini anatoroka, anaogopa nini, hapo usiende kumuuliza mwalimu amsemee. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 kifungu cha 12 unataka mtoto asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 nayo inampa haki ya kutoa maoni. Sheria hiyohiyo inasema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, kwahiyo wale wa fomu four na hata wengi wa fomu five bado ni watoto kwa utafiti wako, usijidanganye kwasababu wana ndevu.

2. Vibali, na kalenda

Kwa mwanafunzi wa chuo cha hapa nchini njia ya kawaida ni hii: proposo inapita kamati ya maadili ya chuo au idara, chuo kinakupa barua ya utambulisho, barua inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, unaonana na Afisa Elimu Msingi, kisha Afisa Elimu Kata, ndo unafika kwa mwalimu mkuu. Mtafiti kutoka nje ya nchi anapitia COSTECH, yani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukigusa mambo ya afya, mfano kupima damu au lishe ya watoto, kuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Kenya leseni inatoka NACOSTI, tume yao ya taifa ya sayansi, alafu unaripoti kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti na kamishna wa kaunti kabla ya kukanyaga shule yoyote.

Sasa kuna kitu naomba kishikwe vizuri. Barua zote hizo, hata zikiwa na mihuri ya mkoa mzima, zinakupa ruhusa ya kuingia getini. Hazikupi ruhusa ya kumhoji mtoto. Mwalimu mkuu akikwambia "hawa watoto wetu wote, chagua tu unaowataka", mshukuru, lakini ujue bado mzazi hajaulizwa wala mtoto mwenyewe hajaulizwa.

Ukiona kamati inakusumbua na fomu zake kumbuka hizi kamati zimetokea wapi. 1939 pale Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichukua watoto yatima, wengine waliokuwa wanaongea vizuri tu wakawa wanaambiwa wana kigugumizi ili waone itakuwaje, chuo kikaja kuomba radhi mwaka 2001 huko. Willowbrook, New York, kuanzia miaka ya 1950 watoto wenye ulemavu wa akili waliambukizwa homa ya ini kwa makusudi, na wazazi walikuwa wamesaini fomu. Hiyo ya mwisho irudie kichwani, wazazi walisaini. Saini peke yake haijawahi kumlinda mtoto.

Kalenda sasa. Darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa Septemba, darasa la nne wanapimwa kama mwezi wa kumi, shule zinafunga Juni na Desemba. Usiende wiki za mitihani, na wiki mbili za mwanzo wa muhula nusu ya darasa haijarudi. Ukiomba vibali mwezi wa tisa ujue fildi yako kiuhalisia ni mwakani, panga hela ya nauli na kodi ukijua hivyo.

3. Sampuli: ile fomula ya Yamane usiiamini kipofu

Hapa ndo disetesheni nyingi zinafanana kama mapacha. Wanafunzi 1,200, makosa asilimia 5, unaweka kwenye fomula ya Yamane ya kutafuta ukubwa wa sampuli, 1,200 gawanya kwa (1 jumlisha 1,200 mara 0.0025, yani 0.05 mara 0.05), unapata 300 kamili, unafurahi. Tatizo fomula hiyo inadhani umewaokota watoto mmoja mmoja kutoka kwenye orodha ya wote. We hukufanya hivyo, umechagua madarasa kumi ukachukua watoto 30 kila darasa. Watoto wa darasa moja wana mwalimu mmoja, vitabu vilevile, mtaa mmoja, kwahiyo majibu yao yanafanana. Kuna hesabu ya kurekebisha: 1 jumlisha (idadi ya watoto kwa darasa toa 1) mara kiwango cha kufanana ndani ya darasa. Tuseme kufanana ni 0.2 (0 ni hawafanani kabisa, 1 ni wote wanajibu sawa), kitu ambacho kwa alama za masomo sio cha ajabu, unapata 1 + 29 × 0.2 = 6.8. Gawanya 300 kwa 6.8, unabaki na kama 44. Yani watoto wako 300 wana uzito wa watoto 44 waliookotwa huru.

Dawa yake ni kuongeza madarasa na shule, kuliko kuongeza watoto kwenye darasa lilelile. Madarasa 30 ya watoto kumi kumi yana nguvu kuliko madarasa 10 ya watoto thelathini, na pia unakuwa hujavuruga vipindi vya darasa zima.

Jambo lingine, watoto unaowakuta shuleni ni waliokuja shule. Mtoro, mchunga ng'ombe, binti anayelea mdogo wake nyumbani, wote hawamo. Kama swali lako ni "watoto wa kata hii wanajua kusoma?" basi shule sio mahali pa kuuliza, na ndo maana Uwezo, ile programu ya kupima watoto kusoma na kuhesabu, walipoanza tathmini zao Tanzania, Kenya na Uganda walikuwa wanagonga hodi kaya kwa kaya, wanampa mtoto jaribio la kiwango cha darasa la pili hata kama yuko la sita, hata kama hasomi kabisa. Ukishindwa kwenda kaya, sawa, lakini andika wazi kwamba matokeo yako ni ya watoto waliohudhuria siku hiyo.

Na usimwachie mwalimu akuchagulie. Atakuletea wenye sare safi na wanaojua kujieleza, sio kwa ubaya, ni heshima ya shule mbele ya mgeni. Chukua rejesta, piga namba zako mwenyewe.

4. Wazazi

Fomu ya ridhaa iandikwe Kiswahili cha mtu anayeuza nyanya sokoni akaelewa, ukurasa mmoja, bila "utafiti huu unakusudia kubainisha". Sema we ni nani, unasoma chuo gani, utamuuliza mtoto nini, itachukua dakika ngapi, nani ataona majibu, na kwamba akikataa mtoto hapunguziwi kitu chochote shuleni. Namba yako ya simu iwepo na iwe inapatikana, maana watapiga, tena usiku.

Njia rahisi ya kufikia wengi ni kikao cha wazazi, omba mwalimu mkuu akupe dakika kumi. Kwa asiyejua kusoma, msomee mbele ya shahidi asiyekuwa mwalimu, aweke dole gumba. Watoto wengi wanaishi na bibi au shangazi na mama yuko mjini anafanya kazi, hapo anayemlea kila siku ndo wa kuzungumza naye, ila uliza kwanza nani ana sauti juu ya huyu mtoto usije ukaleta ugomvi wa familia.

Kuna ule mtindo wa kuandika "fomu isiporudi ndani ya siku tatu tutahesabu umekubali". Msifanye hivyo jamani. Fomu isiyorudi maana yake mara nyingi ni kwamba iko chini ya begi imelowa maji, au imefungiwa maandazi. Kimya cha karatasi sio ridhaa.

Mzazi akikataa na mtoto anataka kushiriki, humhoji. Mzazi akikubali na mtoto hataki, pia humhoji. Yani inatakiwa ndiyo mbili, hapana moja inatosha.

5. Mtoto mwenyewe akubali, kweli sio kwa heshima

Hapa kaa. Mtoto wa shule zetu amefundishwa tangu chekechea kwamba mkubwa akiingia darasani wote mnasimama, shikamoo mwalimuuu, mkubwa akiuliza "mmeelewa?" jibu ni "ndiyooo" hata kama hamna aliyeelewa kitu. We unaingia na shati la kuchomekea, na faili, umesindikizwa na mwalimu mkuu. Alafu unauliza "unakubali kushiriki?" Atakubali kila kitu, hata ukimwambia aruke dirishani.

Kwahiyo kwanza shusha cheo. Usivae kama mkaguzi. Usishike fimbo hata ya kuchezea, wala usikubali kusaidia kipindi cha mwalimu aliyesafiri, wala kusimamia usafi, maana siku ukimwadhibu mtoto mmoja umeshakuwa mwalimu kwa shule nzima. Kaa siku kadhaa kabla ya kuhoji, uwepo mapumziko, wakuzoee, waache kukukimbilia.

Pili, mfundishe kukataa kabla hujamuomba akubali. Inafanyika hivi, mmekaa, mtoto anakusalimia:

"Shikamoo mwalimu."
"Marahaba. Ila mi sio mwalimu, niite dada tu. Nasoma kama wewe, mi nasoma chuo. Sasa tufanye mchezo kidogo. Nitakuuliza kitu, we usinijibu, useme tu 'sitaki kusema'. Haya. Jana ulikula nini?"
"Wali."
"Aah, umenijibu! Tulisema useme nini?"
(anacheka) "Sitaki kusema."
"Eeeh, hapo sawa. Unampenda nani zaidi darasani?"
"Sitaki kusema!"
"Safi kabisa. Basi hata kwenye maswali yangu ya kweli, lolote ambalo hulitaki, sema hivyohivyo. Na ukitaka kuondoka unaondoka, sitamwambia mwalimu na hutachapwa."

Hiyo "hutachapwa" isikose, kwasababu kichwani kwake ndo swali lenyewe, na kabla hujaisema mweleze mwalimu wa darasa ili isiwe ahadi hewa. Ukishamaliza mchezo mwambie utafiti ni nini kwa sentensi tatu, kisha muulize akurudishie kwa maneno yake: "Haya niambie, nimekuja kufanya nini?" Akisema "kutupa msaada" au "kuchagua watakaoenda shule nyingine", bado hajaelewa, rudia.

Wadogo au waoga wape kadi mbili, kijani na nyekundu, ziwe mezani muda wote. Akigeuza nyekundu unaruka swali. Na soma mwili wake: anayeangalia mlango, anayejibu kwa kunong'ona, anayevuta kola ya shati, ameshakwambia hapana hata kama mdomo unasema ndiyo. Mshukuru, mwache arudi darasani, andika "alijitoa", hiyo nayo ni data.

6. Maswali

Mwaka 1980 watafiti Martin Hughes na Robert Grieve waliwauliza watoto wa miaka mitano na saba maswali yasiyo na maana yoyote, kama vile maziwa ni makubwa kuliko maji, au nyekundu ni nzito kuliko njano. Karibu watoto wote walijibu. Kwa kujiamini kabisa, na sababu wakatoa. Kwahiyo ukiona dodoso lako limejibiwa lote bila kuachwa swali, usiseme lilieleweka.

Kingine, usirudie swali lilelile kwa mtoto mdogo bila kueleza kwanini. Anaelewa kwamba jibu la kwanza lilikuwa kosa, anabadilisha. Susan Rose na Marion Blank walionyesha hili 1974 kwenye lile jaribio maarufu la mwanasaikolojia Piaget la vitu vilivyopangwa kwenye mistari miwili, mtoto anaulizwa kama idadi ni sawa, watoto walioulizwa mara moja tu walifanya vizuri kuliko walioulizwa kabla na baada ya kupangua. Na mwalimu wetu darasani akirudia swali maana yake ni ileile, "hapana, nani mwingine?"

Mambo ya "nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa" kwa darasa la tatu sahau. Wanachagua mwisho wa huku au wa kule. Tumia sura tatu za kuchora, anayecheka, wa kawaida, aliyenuna, na uanze na vitu unavyojua majibu yake, pilau, kuumwa jino, uone kama anaelewa mchezo kabla hujafika kwenye hesabu na Kiingereza.

Uliza vitu vya jana na leo, sio vya "kwa kawaida". Badala ya "Je, mwalimu huwa anakupa mrejesho wa kazi zako?" muulize "Nionyeshe daftari lako la hesabu. Hapa palipo na vema, nani aliweka? Alikwambia nini?" Daftari liko mkononi, mtoto anaonyesha kwa kidole, na utaona mwenyewe kurasa ambazo hazijasahihishwa, ambazo yeye asingekwambia. Michoro nayo inasaidia, mwambie achore njia ya kutoka nyumbani hadi shule na mahali anapopaogopa, ila usijifanye mganga ukaanza kutafsiri rangi nyeusi, muulize tu akueleze alichochora.

Kama unapima kusoma, kwa mtindo wa maneno sahihi kwa dakika, zingatia kanuni ya kusimama: mtoto akishindwa mstari wote wa kwanza, acha hapohapo, sema "asante, tuendelee na kingine", usimwache atoke jasho dakika nzima. Na asisome mbele ya wenzake. Jina la "asiyejua kusoma" likianzia kwenye utafiti wako litamfuata mpaka darasa la saba.

Pailoti ni lazima, kwenye shule isiyo kwenye sampuli, na lengo lake sio kupata tu ile namba ya Cronbach, ya kuonyesha maswali yanaendana, uiweke chapta ya tatu. Baada ya kila swali muulize mtoto "hapa nilikuwa nakuuliza nini?" Utafuta nusu ya dodoso, na ni vizuri.

7. Mkae wapi

Sio ofisi ya mwalimu mkuu. Hapo ndo wanapoitwa kuchapwa. Sio chumba kilichofungwa pia, wewe na mtoto peke yenu hapana kabisa, kwa usalama wake na wako. Pazuri ni chini ya mti au kwenye baraza ambapo watu wote wanakuona ila hamna anayekusikia. Kaeni kiti cha urefu mmoja au mkeka, pembeni kwa pembeni. Mwalimu wa zamu akija kusikiliza, na atakuja, badilisha maswali muanze kuongea habari za mpira mpaka aondoke, kisha baadaye mueleze kiungwana kwanini. Kuongea na watoto wawili watatu marafiki kunawapa ujasiri, lakini mambo ya nyumbani au ya kuchapwa usiyaulize kwenye kundi kwasababu huwezi kuwaahidi kwamba mwenzao hatasema.

8. Mtoto akikwambia jambo zito

Hili lipangwe kabla hujapanda basi. Utafiti wa taifa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanyika 2009 na ripoti ikatoka 2011, ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Ukiongea na watoto mia, hata kama mada yako ni vitabu vya sayansi, uwezekano wa kukaa na mmoja wao ni mkubwa.

Kwahiyo usimwahidi mtoto "sitamwambia mtu yeyote". Mwambie mapema hivi: unayoniambia hayaendi kwa mwalimu wala mzazi, ila ukiniambia kuna mtu anakuumiza, itabidi tumtafute mtu wa kukusaidia, na nitakwambia kwanza. Akianza kusema, nyamaza usikilize, usimhoji kama polisi, usiulize maswali ya kumwekea maneno mdomoni, usionyeshe kushtuka. Mwambie umefanya vizuri kusema na sio kosa lako. Andika maneno yake yalivyo, tarehe na saa. Acha dodoso, siku hiyo limeisha.

Kwenye daftari lako uwe na namba hizi tayari: afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, dawati la jinsia na watoto la kituo cha polisi cha karibu, na 116, namba ya bure ya msaada kwa mtoto inayofanya kazi Tanzania na Kenya. Ongea na afisa ustawi kabla ya fildi, akujue sura. Wala usikimbilie kumpa taarifa mwalimu mkuu kwanza bila kufikiri, inawezekana anayetajwa ni mtu wa palepale shuleni. Supavaiza ajulishwe siku hiyohiyo.

Viboko ni kesi ngumu kidogo. Kenya adhabu hiyo imepigwa marufuku shuleni tangu 2001, Tanzania bado kanuni zinairuhusu kwa masharti, sio kila mwalimu wala kila kosa. Sasa ukiripoti kila fimbo unayoiona utafukuzwa siku ya kwanza, ukinyamazia kila kitu unakuwa mshiriki. Mi msimamo wangu, kaa na supavaiza muandike mstari wenu mapema, jeraha, kuvimba, kupigwa kichwani, kupigwa mtoto mgonjwa, hivyo vinaripotiwa bila mjadala, mengine yanaingia kwenye data na yanarudi kwa mwalimu mkuu kama matokeo ya jumla bila majina.

9. Majina, picha na simu yako

Mtoto anapewa namba. Orodha ya namba na majina inakaa sehemu nyingine, folda yenye pasiwedi au karatasi kabatini, sio kwenye dodoso lenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wana ya 2019, na zote zinamhusu mtafiti pia.

Picha za watoto usiweke status. Najua fildi inanoga na watoto wanapenda kupigwa picha, lakini sare ina nembo ya shule, ukuta umeandikwa jina la shule, na kesho unaandika kwenye ripoti "Shule B wanafunzi wanachapwa sana". Umeshaitangaza. Pia kubadilisha jina peke yake hakutoshi: ukiandika "mwanafunzi mwenye ualbino wa darasa la tano, shule moja ya kisiwani", kata nzima inamjua. Badilisha darasa, au ondoa hiyo habari kama haibebi hoja. Rekodi za sauti zihamishe kutoka kwenye simu jioni hiyohiyo kisha zifute, simu zinaibiwa stendi.

10. Zawadi na kurudi

Usitangaze zawadi mwanzoni, mtoto ambaye hajala asubuhi hawezi kukataa biskuti. Ukitaka kutoa, toa mwishoni na iwe kwa darasa zima, kalamu moja moja, pamoja na waliokataa na ambao wazazi wao walikataa. Kama utafiti wako una kundi linalopewa vitabu na kundi lisilopewa ili ulinganishe, bajeti ya vitabu vya kundi la pili iwe imo tangu mwanzo, wapewe ukimaliza kupima.

Alafu rudi, au tuma. Kurasa mbili za Kiswahili kwa walimu, bila jedwali la regresheni, na ukurasa mmoja wa kubandika ubaoni ambao mtoto wa darasa la tano anausoma mwenyewe: tuliwauliza nini, mlituambia nini, tumemwambia nani. Afisa Elimu Kata mpe kopi mkononi na umsainishe kwenye daftari lako, ya kutuma kwa emaili inapotea. Kabla ya kuprinti mpe mtu anayeijua kata hiyo asome, umuulize kama anaweza kukisia shule A ni ipi na mtoto namba 14 ni nani. Akiweza, rudi ukakate, kisha ndo uprinti.